Shemeji na Mashine ya Macho Matatu

Shemeji yangu hanunui mashine kabla hajaitazama machoni. Marehemu mke wangu, ambaye ni dada yake, alinieleza hivyo mara nyingi, nami nilidhani ni maneno ya kusifiana ya watu waliozaliwa nyumba moja. Sasa nimeona mwenyewe.

Alikuja asubuhi. Tangu msiba nilikuwa sitoki, na watu wakija walikuwa wakiniambia pole, wanakaa, wanatazama sakafu. Yeye hakuniambia pole. Alisimama mlangoni akauliza, "Shemeji, una mgongo?"

"Ninao. Wa kizamani."

"Wa kizamani ndio ninaoutaka. Vaa viatu."

Tukaenda kwenye hoteli iliyofungwa. Mlinzi alitufungulia ukumbi wa mikutano. Viti vilikuwa vimepandanishwa hadi karibu na dari, na nyuma ya jukwaa, chini ya turubai, kulikuwa na projekta mbili. Mimi nikisikia projekta nilikuwa nikifikiri ni kitu cha kubeba kwapani. Hizi kila moja ilikuwa kama kabati lililolazwa, na mbele ina macho matatu ya kioo, kila jicho kubwa kama bakuli.

"Kwa nini matatu?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kwanza baada ya siku nyingi.

"Moja la nyekundu, moja la kijani, moja la bluu. Kila moja lina tyubu yake nyuma, kama ya televisheni za zamani zenye mgongo. Kila moja linatupa picha yake ukutani. Picha tatu zikilaliana sawasawa, unaona moja."

"Zisipolaliana?"

"Unaona walevi."

Mlinzi akasema zote mbili ni nzima, tuchukue yoyote, jumba linavunjwa. Shemeji akamjibu, "Ngoja kwanza nizisalimie." Akatoa tochi, akapiga magoti, akamulika jicho moja moja, taratibu, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza. Kwenye ile ya kwanza, jicho la katikati, akaniita.

"Chungulia. Unaona nini?"

Nilichungulia. Mwanzo sikuona kitu. Halafu, ndani kabisa kwenye kioo, nikaona herufi hafifu, zimeungulia humo kama alama ya pasi kwenye kitambaa. KARIBUNI.

"Walikuwa wanaliacha neno hilo ukutani kutwa, kila mkutano," akasema. "Tyubu hizi hazitaki picha isiyotembea. Ukiiacha palepale inaungua. Sasa mashine hii ukionyesha filamu yoyote, wageni wanakaribishwa humo humo."

Mlinzi akacheka. "Jambazi akivunja mlango, karibuni!"

"Karibuni, na viatu msivue."

Ile ya pili haikuwa na maandishi. Jicho lake la bluu tu lilikuwa limefifia, kama kioo kilichohemewa. Shemeji akalitazama muda mrefu kuliko yote, kisha akazima tochi. "Huyu ana ukungu. Ukungu unaoshwa. Kuungua hakuoshwi." Ndiyo tuliyoibeba. Mlinzi alishika upande mmoja, sisi tukashika mwingine, na mgongo wangu ukanisema njia nzima.

Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Mimi nilikuwa mwashi, na ukuta huo niliujenga mwenyewe. Kwenye kibaraza chake tulimkuta mkewe. Yeye ni mshonaji. Vyerehani vyake vilikuwa vimesongamana pale nje, vitatu, na nguo zimening'inia hadi kwenye mlango wa jikoni.

"Umeleta jingine," akasema. Hakuinua kichwa.

"Hili ni zima, mama watoto."

"La kwanza nalo lilikuwa zima, likafa. Baba watoto, nisikilize, na wewe mzee uwe shahidi. Nimepata kazi ya sare za shule. Vitambaa vikifika, sina pa kuviweka, na mvua hizi hapa. Nahitaji chumba kile."

Chumba kile kilikuwa cha giza. Shemeji alikuwa amefunika dirisha kwa mablanketi, na ukuta mmoja nilimpigia lipu mwenyewe, laini kama sahani, akaupaka rangi nyeupe ukawa ndiyo skrini. Mke wangu alikuwa akienda humo mara kwa mara. Alikuwa akiniambia anakwenda kumsalimia ndugu yake.

"Nipe muda mpaka vitambaa vifike," shemeji akasema.

"Nakupa. Siku hiyo nitaingia, nitatazama. Picha ikiwa ya mtu kuweza kuitazama bila kuumwa kichwa, chumba chako, nami sitafungua mdomo tena. Ikiwa ya kubahatisha, natoa mablanketi, vyerehani vinaingia, na hilo dude linakwenda kwa wauza vyuma."

"Sawa."

"Mzee umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Shemeji kazi yake ni kutengeneza televisheni na redio. Anapokea zile nyembamba kama sinia, anazifungua, anazifunga, zinakwenda. Hazipendi wala hazichukii. Hizi kubwa ndizo zilizomwingia moyoni tangu ujana, alipotumwa kubadilisha fyuzi kwenye ukumbi mmoja akakaa humo hadi filamu ikaisha na mwajiri wake akaja kumtafuta. Nilimwuliza ana nini na mavyuma haya wakati mapya yapo.

Alifikiri. "Nyeusi," akasema. "Yale mapya yakitaka kukuonyesha usiku yanakuonyesha kijivu. Hii ikitaka usiku inanyamaza tu."

Nikaanza kwenda huko kila asubuhi. Sikuwa na kazi nyingine, na nilitaka kuona ndani.

Alianza na lile jicho la bluu. Mbele ya kila tyubu kuna chumba kidogo kimejaa dawa ya kupoza, maana tyubu hizi zinachemka. Dawa yenyewe ni nzito na laini, kama glisirini. Ikikaa miaka inachacha. Alipoifungua ikatoka na nyuzi nyuzi za ukungu, kama nywele kwenye bomba la bafu. Akaosha kioo kwa maji yaliyochujwa, akapangusa kwa kitambaa alichokichakura kwenye kapu la mkewe, akajaza dawa mpya kwa bomba la sindano, polepole, mapovu yasibaki.

"Usiguse hapa," akaniambia. "Hata ukichomoa waya, umeme unabaki umejificha humo. Unamngoja mjinga."

"Nikae wapi basi?"

"Kaa mbali na ujinga."

Baadaye akaiwasha. Haikubaliki kuirekebisha ikiwa baridi, ni lazima ipate moto kwanza, la sivyo ukishamaliza kila kitu kinahama. Tulikaa gizani tukiingoja. Feni yake ilikuwa inavuma kidogo.

Kisha akaweka ukutani wavu wa mistari, wima na mlalo. Akaziba jicho jekundu na la bluu kwa vifuniko vyeusi, likabaki la kijani peke yake, akaunyoosha wavu wa kijani mpaka kila mstari ukawa umesimama. Hapo nilimwelewa sana. Ndivyo tunavyopanga tofali kwa uzi. Akafungua jekundu, akaulaza wavu wake juu ya ule wa kijani, kona kwa kona, katikati, kona tena. Ukiibana kona hii, ile inatoroka. Akafungua bluu, akafanya vilevile. Nilikuwa nimesimama pua karibu na ukuta, nikimwambia, "Inua. Inua. Hapo. Umepitiliza." Mistari mitatu ikawa mmoja, nikapiga makofi kama mtoto.

Shemeji hakufurahi. Alibadilisha wavu akaweka ngazi za kijivu, kutoka nyeusi hadi nyeupe, akakaa kitako akashika magoti.

"Hapa ndipo nilipokuwa namwita dada," akasema.

"Kwa nini?"

"Shemeji, mimi nyekundu na kijani kwangu ni pacha. Mstari nauona, uwe wa rangi yoyote. Lakini ukiniuliza nyeupe hii imeegemea wapi, bora uuulize ukuta wako."

Nilimkodolea macho. Fundi wa rangi tatu, asiyeziona mbili.

"Kuna kifaa cha kupima," akaendelea. "Watu walikuwa wakiniuliza kwa nini sikitafuti. Nawaambia ninacho, kinakuja kwa miguu."

Mke wangu alikuwa mfuaji wa mashuka, maisha yake yote ya kazi. Nyeupe aliijua. Alikuwa anakaa kwenye kiti kile anamwambia ndugu yake: hii ina homa, yaani nyekundu imezidi. Hii imelalia majani. Hii umeitia bluu ya kufulia mno. Shemeji anazungusha, anapunguza, mpaka dada anyamaze. Akinyamaza, imekuwa. Mimi ndani ya nyumba yangu ng'ambo ya ukuta nilidhani wanakunywa chai.

"Mkeo anajua?"

"Dada alijua. Mama yetu alijua. Sasa wewe."

"Na akikutuma uzi?"

"Namwambia anipe kipande cha kitambaa nikaonyeshe dukani. Anaona mimi ni mwangalifu." Akacheka kidogo. "Nikisahau kipande, ndiyo siku ya ugomvi."

Nikaenda nikakaa kwenye kile kiti. Hakuniomba. Nilijikaza nikatazama ile ngazi ya juu kabisa.

"Ina njano," nikasema. "Kama karatasi iliyokaa juani."

"Niongeze bluu?"

"Ongeza."

"Sasa?"

"Bado. Ongeza."

Aliongeza, akarudi kwenye ngazi za gizani akaongeza na huko. Mara mbili aliniuliza kama nina hakika, maana tyubu ya bluu ikisukumwa hivyo inazeeka upesi, na bluu nyingine hana. Nikamwambia anataka nyeupe au hataki? Akasukuma. Mwisho ikang'aa, safi, hata nikasikia baridi. Nikanyamaza kama mke wangu alivyokuwa akinyamaza. Siku ile nililala vizuri.

Kesho yake mshonaji akaja mlangoni, utepe wa kupimia shingoni. "Vitambaa vinafika kesho. Nitazame leo nimalize."

Shemeji akaweka filamu. Ilikuwa harusi, watu wengi, kicheko, mavazi. Mshonaji akatazama. Akasogea mbele, akarudi nyuma.

"Huyu bibi harusi amekufa?"

"Amekufa wapi? Si anacheka?"

"Basi amezama. Wamemtoa mtoni jana. Hebu tazama midomo! Na mchungaji naye wamemtoa pamoja naye." Akaanza kucheka, akashika fremu ya mlango, akafuta machozi kwa utepe. "Jamani, harusi ya samaki!"

Kisha kicheko kikamwisha, akamtazama mumewe, nikaona hata yeye hakufurahi.

"Nilisema nitatazama, baba watoto. Nimetazama. Kesho."

Akaondoka. Mimi nilikuwa bado natazama ukuta. Bibi harusi wangu alikuwa mzima kabisa, gauni lake jeupe pee.

Nilingoja shemeji anigombeze. Hakunigombeza. Alinitazama vile alivyoitazama ile mashine pale hotelini. Akaenda dirishani akaondoa blanketi moja, jua likaingia. Akatoa karatasi mezani, akaishika mbele yangu.

"Hii rangi gani, shemeji?"

"Karatasi ya zamani. Imekaa juani."

"Nimeichana kwenye pakiti sasa hivi."

"Haiwezekani."

"Usitikisike." Akachukua kile kifuniko cheusi cha lenzi, akaniziba jicho la kushoto. "Sasa?"

Karatasi ikawa rangi ya chai, tena yenye moshi. Akahamishia kifuniko jicho la kulia. "Sasa?"

"Hiyo ni nyingine. Hiyo ina afadhali."

"Ni hiyohiyo."

Akawasha tochi, akanimulika kwa pembeni, kichwa chake amekiinamisha upande.

"Shemeji," akasema, "una ukungu."

"Unaoshwa?"

"Unaoshwa. Lakini si mimi. Huo unaitwa mtoto wa jicho, nenda hospitali. Mimi nitakujaza dawa ya kupoza bure."

Nilicheka. Sikujua kama bado ninacho kicheko. Tukacheka wote wawili, halafu tukakumbuka kesho.

"Kwa hiyo humu kuna wanaume wawili na hakuna jicho," nikasema.

"Hakuna."

"Kuna mtu pale kibarazani, mchana kutwa anachagua nyuzi."

"Huyo hapana."

"Kwa nini?"

Akaikunja ile karatasi, akaikunjua. "Siku ya kwanza nilipomwona nilimsifia gauni jekundu. Dada ndiye aliyeninong'oneza kuwa ni jekundu. Nikimwambia leo, ataniuliza na mengine yote. Kila shati nililosema limependeza. Atasema nimemfanya mjinga maisha mazima."

Mimi si msemaji. Nilimwambia tu kwamba mke wangu hawezi tena kuniambia jambo, hata la kuniudhi. Kisha akapiga moyo konde, akainuka.

Nilimfuata hadi mlangoni, nikaishia hapo. Mshonaji alikuwa ameinamia cherehani.

"Mama watoto, mimi nyekundu siioni."

"Iko kwenye kopo, nyuma ya mkasi."

"Si uzi. Rangi yenyewe. Siioni. Wala kijani. Tangu kuzaliwa."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. "Unasema nini wewe?"

Akamweleza. Maneno machache, macho chini. Mkewe akamsikiliza, na mikono yake ikaenda yenyewe kwenye utepe ikaanza kuukunja.

"Wifi alijua?"

"Alijua."

"Akaninyamazia! Tunakula naye, tunalala msibani naye, akaninyamazia!"

"Nilimwapisha."

"Na zile suruali za bendi? Nilizifumua zote kwa ajili ya uzi wako!"

"Nilisahau kipande."

"Na gauni langu jekundu?"

"Lilikuwa zuri."

"Uliliona?"

"Nilikuona wewe."

"Usiniletee ya filamu." Akaurusha utepe mezani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilidhani unanidharau. Nakutuma kijani unaniletea kahawia, nasema huyu kazi yangu anaiona takataka. Kumbe?"

"Kumbe sioni."

"Hukuwa unanidharau?"

"Hata siku moja."

Akapangusa vipande vya uzi mapajani, kimoja kimoja. "Sasa mnataka nini? Maana na mzee kanisimamia mlangoni kama mdai."

"Ukakae kwenye kiti," shemeji akasema. "Utuambie nyeupe ni ipi."

"Mimi ninayekitaka chumba, niwasaidie mninyime chumba?"

"Ndiyo."

Alitutazama, kwanza yeye, kisha mimi. "Kweli ninyi wanaume haya hamna," akasema, akainuka.

Gizani alikaa kwenye kiti, akavuka miguu. Shemeji akaweka zile ngazi za kijivu.

"Mnataka nyeupe gani?"

Tukatazamana, kana kwamba tunaonana. "Kwani ziko ngapi?" nikauliza.

"Ziko kibao, mzee. Kuna ya chaki, kuna ya maziwa, kuna ya pamba ambayo haijafuliwa."

Shemeji akakohoa. "Dada alikuwa anasema ya shuka lililokaushwa kivulini."

"Ah," mshonaji akasema. Sauti yake ilibadilika. "Ungesema hivyo tangu mwanzo. Punguza bluu. Punguza. Punguza, mbona mchoyo? Hapo. Sasa huko chini gizani kuna wekundu umejificha, uondoe. Umeondoa mwingi, rudisha kidogo. Kidogo, nimesema! Hapo."

Akanyamaza. Shemeji akaondoa mkono kwenye mashine. Mimi niliona ukuta wenye rangi ya chai, yeye sijui aliona nini. Nilimwuliza mshonaji ikoje.

"Imetulia," akasema. "Haikuiti wala haikufukuzi."

Nikataka sana kuiona. Nikasema moyoni, kesho naenda hospitali, na kesho hiyohiyo nitauliza wanachukua muda gani.

Filamu ikarudi. Watu wale wale wakaingia, harusi ile ile. Mshonaji hakucheka. Alisogeza kiti mbele, akaegemeza kidevu kwenye mkono. Shemeji alisubiri, akakohoa, akasubiri tena. Mwisho hakuweza.

"Mama watoto, na chumba?"

"Chako. Nilishasema."

"Na vitambaa?"

Nje ngurumo ilipita mbali. Nilifikiria sebule yangu, viti vilivyopangwa ukutani tangu siku ya matanga, hakuna aliyevirudisha mahali pake.

"Sebule yangu ni kubwa," nikasema.

Mshonaji hakugeuka. "Ina madirisha?"

"Mawili."

"Vyerehani vina kelele, mzee. Vitatu, kuanzia asubuhi."

"Vije tu."

"Basi kesho. Mtatoa viti mbebe hivyo vyerehani, na mgongo wako huo huo." Akainyooshea picha kidole. "Sasa nyamazeni wote wawili. Anageuka, nataka kuona hilo gauni limefungwaje mgongoni."